Siku tano Shela, kwenye nyumba ya kitajiri inayofanana na ya nyanya

Ijumaa

Tumetoka Mombasa saa moja asubuhi tukafika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia kwenda Lamu, saa tisa na kitu, na hapo katikati sina la kusimulia sana zaidi ya kwamba kutoka Garsen kwenda mbele siku hizi ni lami tupu, mimi niliyepita hii barabara nikiwa mdogo na vumbi mpaka kwenye meno nilikuwa siamini. Halafu vizuizi vya polisi. Mnashuka mnaonyesha kitambulisho mnapanda, mnashuka mnaonyesha mnapanda, mpaka mtoto mdogo wa dada yangu akaanza kumtolea askari kadi yake ya kliniki.

Tuko saba. Mimi na mume wangu, dada yangu na mumewe na watoto wao wawili, na binamu yetu wa Maskati ambaye ndo chanzo cha yote haya, manake yeye ndo aliyeona picha za hii nyumba kwenye simu usiku wa manane akalipa dipoziti bila kuuliza mtu, asubuhi akatuambia jamani tunaenda Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Bei siiandiki hapa. Mamangu anasoma.

Mokowe tumepanda boti ya injini, tumepita Lamu mjini bila kushuka tukaenda moja kwa moja Shela, ni kama kilomita 3 mbele, na kaskazi imepamba hasa kwa hivyo tumelowa mpaka mifupa. Cha kwanza kukiona ukikaribia ni mnara wa Msikiti wa Ijumaa, mweupe, mnene chini mwembamba juu, ule msikiti ni wa 1829 na bado ndo unaoutangulia mji wote kukusalimia. Gatini tulipokelewa na punda wawili. Sifanyi mzaha, mabegi yote yalipakiwa juu ya punda na sisi tukafuata nyuma kwa miguu kwenye vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na punda akija mbele yako wewe ndo unayejibana ukutani, si yeye.

Sasa nyumba yenyewe. Nje hakuna kitu. Binamu alisimama mbele ya ukuta mrefu wa mawe wenye vidirisha viwili vidogo kule juu akasema hapana, tumepotea, mimi nimelipia jumba. Mzee mwangalizi wa nyumba akacheka akasema, "Ingia ndani mwanangu, nyumba ya Kiswahili haijionyeshi kwa mpita njia." Na kweli. Kwanza kuna daka, ile sehemu ya mlangoni yenye kivuli na baraza za mawe kushoto na kulia, mgeni asiyeingia ndani anakaa hapo anapewa kahawa hapohapo. Halafu mlango wa nakshi mzito wa mbao mbili, nakshi ya maua yanayozungukana mpaka huoni lilipoanzia moja, halafu unakata kona, unakata kona nyingine (hizo kona zimewekwa makusudi mtu wa nje asichungulie), na ghafla uko kwenye kiwanda, uwanja wa ndani usio na paa, mwanga unakumwagikia, kuta nyeupe za chokaa pande zote, mgomba mmoja, mlangilangi mmoja, na maji.

Maji yenyewe ni swiming puli. Wameichimba katikati ya kiwanda. Ni nzuri siwezi kudanganya, ya kijani kama chupa, watoto waliruka ndani na nguo zao za safari, lakini mimi nilisimama pale nikawa nafikiria hapa palikuwa pakianikwa nazi na dagaa.

Usiku tumekula juu ya paa chini ya makuti, kamba wa kukaanga na wali wa nazi na achari ya embe, dada mpishi ni mtu wa Shela na mkono wake Mungu aubariki. Taa za kisiwa cha Manda ng'ambo. Nimelala kama gogo.

Jumamosi

Leo sikutoka nje kabisa na sijuti. Wengine walienda pwani, mimi nilibaki kuikagua nyumba chumba kwa chumba kama mtu wa bima.

Kwanza niwaambie kwa nini hii nyumba nimeikamia. Nyanya yangu amezaliwa Lamu mjini, mtaa wa Mkomani, kwenye nyumba ya mawe. Akaolewa Mombasa akiwa msichana, akaja kuishi nyumba ya udongo na mabati, na maisha yetu yote tumelelewa na hadithi za "nyumbani kwetu Amu" mpaka tulikuwa tukikonyezana akianza. Msana wa tini, msana wa yuu (vyumba virefu vinavyofuatana kutoka uwanjani), ndani, sabule (chumba cha wageni), zidaka, daka, birika. Tulidhani anatia chumvi. Leo nimetembea ndani ya hayo maneno na kila kitu kiko pale alipokisema, kimoja baada ya kingine.

Kile wanachokiita ndani ndo chumba cha kuvutia kuliko vyote. Ukuta wake wa nyuma wote, kutoka chini mpaka juu, ni zidaka, yaani vishubaka vya plasta vimepangwa safu kwa safu kama sega la nyuki lililonyooshwa na rula, na kila kimoja kina tao lake dogo juu na nakshi pembeni. Zamani vilikaa vyombo vya kauri za China, leo mwenye nyumba (Mzungu, hayupo, anakuja mara mbili kwa mwaka) ameweka vipande vya mbao za majahazi yaliyovunjika ambavyo wachoraji wa hapa wamechora samaki na matanga juu yake. Kwenye kuta nyingine kuna picha za rangi za vichochoro na punda, mzee anasema ni za wachoraji wanaokuja kwenye tamasha la uchoraji, wanakaa juani na turubai zao kwenye vichochoro siku nzima na watoto wa mtaa wamewazunguka wakiwasahihisha. Moja niliipenda sana, mlango tu, mlango na paka, lakini kile kivuli cha saa kumi alikipata vizuri mno.

Nikavikaribia vile zidaka mpaka pua ikagusa. Plasta ya chokaa, na ukiangalia kwa karibu unaona kisu kilivyopita. Hakuna tao linalofanana na mwenzake mia kwa mia, hapa mkono ulitetemeka kidogo, hapa alikuwa na haraka, pengine adhuhuri ilikuwa imeingia. Plasta inachongwa ikiwa bado na unyevu kwa hivyo ukikosea huna pa kujificha.

Halafu upana wa vyumba. Chumba kirefu hatua kumi na mbili lakini upana wake hauna zaidi ya hatua nne, mita mbili na nusu hivi, mume wangu akauliza mbona wamejenga kama korido. Boriti! Sakafu ya juu inabebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko yenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa haizidi sana urefu huo, kwa hivyo ni mti uliomwambia fundi chumba kiwe na upana gani. Vyumba vyote vya nyumba za zamani Lamu ni vyembamba hivohivo. Sasa panda ghorofa ya pili ya hii nyumba yetu, chumba cha binamu, ni kipana unaweza kucheza mpira, na boriti ziko palepale darini zimepakwa mafuta zinang'aa. Nikamuuliza mzee. Akaangalia nyuma kwanza kama kuna mtu halafu akasema, "Zile hazibebi kitu. Juu yake ni zege na nondo. Zile ni urembo tu." Ghorofa ya chini ilikuwa gofu la nyumba ya kale, mizizi imeingia ukutani na paa limeanguka, mwenyewe akainunua akaifufua, mbili za juu ni mpya. Tangu aniambie kila nikipita pale juu naziangalia zile boriti kama mtu aliyevaa sare na si askari.

Bafuni kwetu kuna birika, tangi la mawe la maji pembeni mwa ukuta, na ndani yake samaki wadogo wanaogelea. Mtoto wa dada alipiga kelele akidhani ni bahati mbaya. Nikamweleza wanakula viluwiluwi vya mbu. Nyanya alikuwa anasema chini ya birika huwa kuna bakuli la kauri limejengewa sakafuni, ili maji yakiisha samaki wabaki na kidimbwi chao wasife. Nikatia mkono mpaka kwapani nikapapasa. Lipo.

Basi jioni nikampigia nyanya vidio koli. Nikamzungusha nyumba yote na simu, akawa anataja kila chumba kabla sijaingia, "sasa kata kulia, hapo msana," na kweli. Nikafika nyuma ya ndani, kuna kijichumba hakina dirisha, kimya, baridi, na wameweka sinki la kuogea kubwa jeupe la kulala, mishumaa, mafuta ya ubani, taulo zimekunjwa kama bata. Kwenye picha za nyumba hiki ndo kinachopigwa zaidi. Nikasema nyanya tazama bafu letu mimi na mume wangu.

Akanyamaza. Nikadhani netiweki imekata.

"Hiyo ni nyumba kati, mwanangu. Hapo ndipo mtu anapozaliwa na ndipo maiti inapooshwa. Mamangu nilimuosha pahali kama hapo."

Mume wangu alikuwa amekaa ndani ya lile sinki na povu mpaka shingoni, nje ya kamera, anasikiliza kila neno. Alitoka pale kama aliyeumwa na kaa. Siku zote zilizobaki ameoga kwa shemeji yake.

Jumapili

Pwani. Fupi. Mchanga wa Shela unaenda kama kilomita 12 na baada ya dakika ishirini za kutembea hakuna mtu, ni wewe na kaa na vilima vya mchanga. Binamu amepiga picha mia tatu, mia mbili tisini ni zake mwenyewe.

Asubuhi maji ya bomba yalikuwa na chumvi. Si kidogo, chai ilikataa kunyweka. Dada mpishi akasema huwa inatokea nyumba zikijaa wageni, akatuma mtoto akaleta madumu. Na hapo mzee akanionyesha vile vilima vya mchanga kutoka juu ya paa akasema, "Wageni wanaona pahali pa kupiga picha. Lile ndilo tangi letu." Mvua inanyesha, mchanga unainywa, maji matamu yanakaa chini yake juu ya maji ya bahari, na visima vinavyonywesha mji wa Lamu viko kwenye mchanga huo. Ukivuta sana au ukijenga juu yake, bahari inaingia. Kisha nikashuka chini nikaipita ile puli ya kijani. Nikaogelea, sitasema uongo, joto lilikuwa kali, lakini niliogelea dakika kumi tu.

Mchana nilikaa kwenye ngazi kwa jirani ambako wanajenga nyingine. Punda wanakuja na magunia ya mchanga na mawe ya matumbawe kutoka gatini, mawe yanachongwa Manda, wanashusha wanarudi bila mtu kuwaongoza. Fundi akaniambia shida yao kubwa si pesa ya mwenye kujenga, ni boriti, tangu ule mwaka wa 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji na mikoko ikaingia humohumo bei haijawahi kurudi ilipokuwa. Akanihesabia kwa vidole majina ya mti mmoja kulingana na unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mtu wa kawaida wa Lamu leo anajenga kwa matofali ya simiti na mabati. Chokaa, boriti na zidaka vimekuwa vya mwenye dola. Akasema bila uchungu wowote, huku anachonga kitao kidogo cha wikendi ya mtu.

Jumatatu

Takwa. Hii siku nitaisimulia wajukuu wangu.

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili upande wa pili wa kisiwa cha Manda, uliohamwa karne ya 17, na watu wa Shela wanasema wazee wao walitoka huko, mpaka leo wanaenda ziara kwenye kaburi la mnara kuomba mvua. Unaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko na njia hiyo inapitika maji yakijaa tu. Nahodha alituambia jana usiku na leo asubuhi na tena ndani ya mashua, saa nne na nusu mko hapa gatini, si saa tano. Tukasema sawa sawa.

Msikiti mkuu hauna paa lakini kibla chake kimesimama na mnara juu yake, kuta za nyumba zimefika kiunoni, na ukijua kusoma unaona ni ileile nyumba yetu, daka, uwanja, vyumba vyembamba viwili vimefuatana nyuma. Vyumba ni vyembamba vilevile! Mti uleule uliowapimia hawa ndo uliompimia nyanya. Kuna choo cha mawe kimechongwa vizuri kuliko cha hoteli nyingi nilizolala. Nilisahau saa. Lakini si mimi niliyetuponza, ni binamu, alitaka picha na mbuyu, halafu picha juu ya mbuyu, halafu akashindwa kushuka kwenye mbuyu.

Tumefika gatini saa tano na robo. Nahodha hakusema neno. Tumeenda kama mita mia tatu na mashua ikakaa kwenye tope kama kuku anayeatamia. Akajaribu upondo, mume wangu na shemeji wakashuka kusukuma wakazama mpaka magotini, kiatu kimoja cha shemeji kiko kule mpaka sasa. Tumekaa katikati ya mikoko toka hapo mpaka saa kumi na nusu jioni tukisubiri maji yarudi, na vitumbua vinne na embe moja kwa watu wanane.

Ndipo nahodha akafungua mdomo. "Nyinyi watu wa Mombasa maji ya huku hamtayajua. Mlikuja na wenzenu wa Pate wakati wa Mazrui kutupiga, mkashukia palepale Shela, mkashindwa, mkakimbilia vyombo vyenu mkakuta maji yamekupwa vimelala mchangani." Hiyo ni vita ya Shela, mwanzo wa miaka ya 1810, ukoo wa Mazrui ukitawala Mombasa, baada yake ndo watu wa Lamu wakamwita Sayyid Said wa Oman awalinde na ile ngome ya mjini ikamaliziwa kujengwa. Binamu akasema yeye si wa Mombasa, ni wa Maskati. Nahodha akasema basi wewe lipa.

Jumanne

Kesho alfajiri tunashika basi, kwa hivyo leo nahodha (ametusamehe) ametupeleka Lamu mjini. Wengine walienda ngomeni na kununua halwa. Mimi nikachukua dada yangu tukapanda Mkomani kutafuta nyumba ya nyanya, tukiwa na maelezo yake tu kwenye simu: panda ndia ya pili, pita chini ya wikio, mlango uko mkono wa kushoto una nakshi ya mnazi uliovunjika kidole kimoja. Wikio ni kile kijumba kinachovuka kichochoro juu kikiunganisha nyumba mbili, wanawake wa ukoo mmoja walikuwa wanavuka kwenda kwa wenzao bila kushuka barabarani. Tulipita chini ya mbili zisizo zake. Bibi mmoja aliyekaa barazani tukamsalimu shikamoo, tukamtajia ukoo, akatuangalia usoni mmoja mmoja kama anasoma barua akasema, "Mna pua yao," akanyoosha kidole.

Mlango upo. Kidole kimevunjika kweli.

Ulikuwa wazi. Kaka zake nyanya waliiuza zamani, hilo tulilijua, lakini ilisemekana imeanguka. Haikuanguka yote. Kwenye kiwanda kuna rundo la chokaa, punda mmoja amesimama kivulini, magunia, jukwaa la mbao, na fundi amechuchumaa mbele ya ukuta wa zidaka anaziba mapengo, nusu ya vishubaka ni vya kale vyeusi kwa moshi na nusu ni vyeupe vipya. Tukamwambia sisi ni nani. Akasimama akafuta mikono kwenye kikoi, akasema imenunuliwa na watu wa nje, itakuwa ya wageni, puli itakuwa pale, akaonyesha mahali punda aliposimama. Hakuwa na ubaya. Akatutembeza kote. Dada yangu alikuwa ananishika mkono kwa nguvu mpaka unauma.

Tulipofika nyuma, kwenye kijichumba kisicho na dirisha, fundi akasema, "Hiki sasa ndicho kinachonitatiza, mwenyewe anataka bafu hapa, na mabomba hayapiti mpaka nitoboe huu ukuta wa zidaka. Nyinyi mnajua kilikuwa cha nini?"

Dada akaniangalia. Nikatoa simu nikampigia nyanya, ikaita ikaita, akapokea, nikamwambia kuna mtu anataka kukuuliza jambo, nikampa fundi simu na kumwambia ongea naye mwenyewe. Akaichukua kwa mikono miwili yenye chokaa. "Shikamoo bibi." Sisi tukatoka tukakaa pale dakani, kwenye baraza ya mawe. Nahodha alikuwa anapiga simu ya dada kule gatini, maji yanakupwa. Fundi hakutoka mpaka robo saa ikapita.